Tovuti ya dagaa isiyoonekana Google: jibu kwa mama wa Kirumba

SWALI: Ninauza dagaa na samaki wakavu hapa Kirumba jijini Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni, tangu 2011. Mwaka jana mtoto wa dada yangu alinitengenezea tovuti. Ina picha nzuri na namba ya simu, lakini hajapiga hata mteja mmoja akasema ameiona Google. Mimi mwenyewe nikiandika jina la biashara yangu haitokei, na nikiandika "dagaa wa Mwanza" ndiyo kabisa. Sasa amekuja kijana anasema nimpe laki tatu, ndani ya wiki mbili nitakuwa namba moja ukurasa wa kwanza. Mtoto wa dada naye anasema tuweke makala 100 zilizoandikwa na akili mnemba (AI). Nishike lipi?

JIBU: Shikamoo mama. Ahsante kwa kunitumia anwani ya tovuti. Nimeifungua jana usiku kwa simu na leo asubuhi kwa kompyuta, kwa hiyo nitakayokuambia nimeyaona kwa macho yangu.

Nianze na laki tatu, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu kutoka mfukoni. Usiitoe. Google haiuzi nafasi kwenye matokeo yake ya kawaida. Inauza matangazo, nayo huyawekea alama kwamba ni matangazo. Ukilipia tangazo unaonekana siku ulizolipia, pesa ikiisha unatoweka, na malipo hayo hayakusogezi hata hatua moja kwenye matokeo ya kawaida. Google yenyewe, katika maelekezo yake kwa wenye tovuti, imeandika wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia namba moja. Kijana huyo anakuahidi kitu kisicho mikononi mwake. Au atakupa namba moja kweli, lakini kwa maneno ambayo hakuna anayeyatafuta, mfano jina lote la biashara yako pamoja na mtaa na kata. Hiyo utaipata bure, na nitakuonyesha kwa nini hujaipata mpaka leo.

Kuna jaribio ambalo unaweza kulifanya sasa hivi kwa simu yako. Kwenye kisanduku cha Google andika site, weka nukta mbili, halafu anwani ya tovuti yako, vyote vikiwa vimeshikana bila nafasi. Google itakutolea kurasa za tovuti hiyo inazozijua. Hesabu yake ni ya makadirio, lakini inatosha kukuonyesha hali. Nilipofanya hivyo kwa tovuti yako haukutoka hata ukurasa mmoja.

Hapo ndipo lilipo jibu la nusu ya swali lako. Mtu akitafuta kitu, Google haitoki muda uleule kwenda kuzunguka intaneti nzima. Inafungua daftari lake. Daftari hilo hujazwa mapema na roboti zake, ambazo hupita tovuti hadi tovuti kwa kufuata viungo, yaani yale maneno ambayo ukiyabonyeza yanakupeleka ukurasa mwingine, zikisoma na kunakili. Ukurasa usiokuwemo daftarini hauwezi kuwa namba moja wala namba elfu moja, kwa sababu haupo. Kuna kazi tatu zinazofuatana: kufikiwa, kuandikwa, kisha kupangwa nani atangulie. Watu wengi hurukia ya tatu. Wewe umekwama kwenye ya pili.

Sababu nimeiona. Kwenye msimbo wa ukurasa wako wa mwanzo, yaani maandishi ya kompyuta yanayoujenga, kuna mstari wenye neno noindex, ambalo ni amri kwa roboti: soma, lakini usiandike. Tovuti yako imejengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na ndani ya WordPress, kwenye mipangilio, kipengele cha usomaji, chini kabisa karibu na kitufe cha kuhifadhi, kuna kisanduku cha kuziomba injini za kutafutia zisiiorodheshe tovuti. Mafundi hukiwekea tiki wakati wa ujenzi ili watu wasiingie kabla kazi haijakamilika. Kazi ikiisha, tiki inasahaulika. Usimgombeze mtoto wa dada. Mimi mwenyewe niliwahi kuiacha tiki hiyo kwenye tovuti ya nyumba ya wageni iliyoko ufukweni. Mwenye nyumba alinipigia simu kwa karibu miezi miwili akiuliza mbona haonekani, nami nikawa namjibu awe na subira, Google inachukua muda. Msimu wake wa Desemba ulipita hivyo, na nilipogundua nilikwenda kwake kumwomba radhi ana kwa ana. Tangu siku hiyo, tovuti yoyote nikipewa, nafungua kisanduku hicho kwanza.

Kwa hiyo kijana wako aingie, aondoe tiki, ahifadhi. Kisha ajisajili Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti. Ataombwa athibitishe kwamba tovuti ni yenu, kwa kupachika kipande kidogo cha msimbo au kwa kuongeza rekodi mahali mliponunua jina la tovuti. Akishathibitisha, awasilishe ramani ya tovuti, faili linaloorodhesha kurasa zote. WordPress hulitengeneza yenyewe. Mwisho achukue anwani ya ukurasa wa mwanzo, aibandike kwenye kisanduku cha ukaguzi kilicho juu, aombe uandikwe. Hapo jina la biashara yako litaanza kutokea, mara nyingi ndani ya siku kadhaa, wakati mwingine wiki chache. Yote hayo ni kazi ya jioni moja.

Sasa nije kwenye lile linalonigusa zaidi, maana hata tiki ikiondolewa leo, kwa "dagaa wa Mwanza" bado hutaonekana. Nimesoma ukurasa wako wa mwanzo wote. Kuna aya tatu za Kiingereza zinazosema ninyi ni kampuni bora ya mazao ya ziwa inayojali wateja. Kichwa cha ukurasa, yale maneno ambayo Google huyaonyesha kwa herufi kubwa kwenye matokeo, kimeandikwa "Home". Neno dagaa nimelitafuta kwenye maandishi yote nisilione. Lipo mahali pamoja tu: ndani ya picha, kwenye posta ya bei mliyoitengeneza kwa ajili ya status ya WhatsApp. Google inajaribu kusoma picha siku hizi, lakini usiiweke biashara yako mikononi mwa jaribio hilo. Wewe unauza dagaa, na tovuti yako haijawahi kutamka dagaa.

Chukua simu yako, fungua WhatsApp, soma maswali ya wateja ya miezi miwili iliyopita. Andika kila swali kwa maneno yao, usiyanyooshe. Naweza kukisia utakayoyakuta: Hawana mchanga? Sado shilingi ngapi? Mnatuma Dodoma? Wa kukaanga mnao? Gunia la dagaa wa kuku ni bei gani? Hao wa Mwanza ni wachungu, mnao wa Kigoma? Watu wanaokuuliza hivyo kwenye WhatsApp ni watu walewale wanaoandika hivyo Google usiku wakiwa wamelala kitandani na simu. Kila swali lenye uzito ni ukurasa wake.

Tuchukue mchanga, maana hilo najua ndilo linalowakwaza wateja wa dagaa wetu. Mtu wa Dar es Salaam amenunua dagaa sokoni, amewaosha maji matano, na bado wanakwaruza meno. Anaingia Google kuandika "dagaa wasio na mchanga". Nani mwenye jibu? Wewe. Unajua kwamba dagaa wakianikwa moja kwa moja kwenye mchanga wa ufukweni wanabeba mchanga, na mvua ikinyesha wanaloa na kuharibika. Unajua kwamba wakianikwa kwenye vichanja, wavu ukiwa juu ya miti, hewa inapita juu na chini, wanakauka haraka na wanabaki na rangi ya fedha. Unajua namna ya kumtambua dagaa wa kichanja kwa kumtazama na kumvunja. Hayo yote hayamo kwenye tovuti yako. Ukurasa huo ungeanza hivi:

"Dagaa wetu hawana mchanga kwa sababu hawagusi mchanga. Tunanunua kwa wavuvi wanaoanika kwenye vichanja. Wakifika dukani Kirumba tunawachambua tena kwa mkono kabla ya kuwafunga. Hapa chini kuna picha ya kichanja na picha ya dagaa walioanikwa chini, uone tofauti."

Soma maneno hayo kwa sauti, utaona ndivyo unavyomjibu mteja aliyesimama mbele ya meza yako. Kichwa cha ukurasa kiwe "Dagaa wa Mwanza wasio na mchanga, kwa kilo, sado na gunia", kisha jina la biashara. Kichwa hicho ni kati ya vitu vyenye nguvu kubwa katika ukurasa mzima, na kukibadilisha ni kazi ya dakika mbili. Maelezo mafupi yanayotokea chini yake hayakupandishi nafasi, lakini ndiyo yanayomfanya mtu abonyeze kwako asibonyeze kwa jirani, kwa hiyo taja humo kwamba mnatuma mikoani. Ile orodha ya maneno sitini ambayo kijana wako ameificha kwenye msimbo akidhani Google inaisoma, aifute. Google ilitangaza tangu 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.

Kuna jambo lingine kuhusu maneno ambalo mtu wa ziwani analiona vizuri kuliko mtaalamu wa mbali. Ziwa ni moja, lakini dagaa wetu ana majina matatu. Sisi tunasema dagaa, Wakenya wanasema omena, Waganda wanasema mukene. Mnunuzi wa Kisumu hataandika dagaa hata siku moja. Sentensi moja tu kwenye ukurasa wako, "dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Kenya huitwa omena na Uganda mukene", inafungua milango miwili iliyokuwa imefungwa. Usiyarudierudie majina hayo mara ishirini. Sentensi moja ya kweli, mahali inapoeleweka, inatosha.

Na hilo la Kigoma, liandikie ukurasa kamili. Watu wengi wanawalinganisha dagaa wa Kigoma na wa Mwanza wakidhani ni samaki mmoja aliyetoka maziwa mawili. Siyo. Wa Ziwa Tanganyika ni wa jamii ya sardini. Wa kwetu ni wa jamii nyingine kabisa, ndugu wa ningu. Ndiyo maana ladha, ukubwa na hata mapishi yanatofautiana. Eleza kwa uaminifu nani anafaa kwa nini, pamoja na ule uchungu wanaoulalamikia na namna ya kuuondoa kwa kutoa vichwa na matumbo. Usiwaponde wa Kigoma. Msomaji akiona umesema kweli hata pale ambapo haikupi mauzo, atakuamini kwenye bei.

Bei nayo. Wewe na mimi tunajua kwamba mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa dagaa hawatoki, kwa sababu taa zao haziwavuti dagaa kama usiku wa giza. Dagaa wanapungua mwaloni, bei inapanda. Giza likirudi, mzigo unashuka. Mteja wa Morogoro hajui hili, anadhani unambadilishia bei kwa tamaa. Tengeneza ukurasa mmoja, "Bei ya dagaa Mwanza wiki hii", wenye jedwali la maandishi ya kawaida, siyo posta, pamoja na tarehe na maelezo hayo ya mwezi. Kila bei ikibadilika, rekebisha palepale. Usifungue ukurasa mpya kila wiki. Anwani moja inayodumu hujijengea heshima, watu huihifadhi na kutumiana, na Google hujifunza kwamba hapo pana habari mpya. Kurasa hamsini za bei zilizokwisha zitashindana zenyewe kwa zenyewe.

Kuhusu habari mpya, ukurasa wenu wa usafirishaji bado unasema mizigo ya Geita inachelewa kwa sababu ya foleni ya kivuko cha Kigongo hadi Busisi. Daraja la JPM, karibu kilomita 3 juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025. Mteja wa Geita akisoma hivyo leo atajua hapo hakuna mtu. Andika mizigo inapakiwa stendi ipi, Nyegezi au Nyamhongolo, saa ngapi, na nani anapokea upande wa pili.

Lugha: anza na Kiswahili. Wateja wako wengi wanatafuta kwa Kiswahili, na kurasa za Kiswahili zinazoeleza dagaa kwa undani, zilizoandikwa na mtu anayewauza, bado ni chache. Kwa Kiingereza ungeshindana na makampuni makubwa ya minofu ya sangara na tovuti za dunia nzima. Baadaye, kama una wanunuzi wa nje, weka kurasa za Kiingereza peke yake kwenye anwani zake, zikiunganishwa na za Kiswahili, na fundi aweke alama inayoiambia Google kwamba hizi ni ndugu wa lugha mbili. Kuchanganya lugha mbili ndani ya ukurasa mmoja kunamchosha msomaji, na Google nayo inapata shida kujua ukurasa ni wa nani.

Uzito wa tovuti ulinisikitisha kidogo. Nilipoifungua kwa simu, nikiwa Buzuruga na mtandao wa kawaida, nilihesabu mpaka kumi na nne ndipo picha ya kwanza ikatokea. Mna picha saba pale mwanzo, zimetoka kwenye simu moja kwa moja, kila moja ni kati ya MB 4 na 6. Mteja anatumia karibu MB 35 za bando lake kabla hajaona bei. Google inapendekeza kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kitokee ndani ya sekunde 2.5. Tena Google inaisoma tovuti yako kama inavyoonekana kwenye simu, si kwenye kompyuta. Walikamilisha kuhamia huko 2023. Kijana apunguze upana wa picha hadi pikseli 1200 hivi na azihifadhi kwa muundo mwepesi wa picha uitwao WebP. Kila moja itashuka mpaka KB mia na kitu, na macho hayataona tofauti. Wakati huohuo abadilishe majina ya mafaili. Picha inayoitwa IMG_2041 haisemi kitu, lakini "dagaa-kwenye-kichanja" inasema. Na kwenye nafasi ya maelezo ya picha aandike kilichomo, kwa faida ya asiyeona na kwa faida ya roboti pia.

Sasa ramani. Kama ningeambiwa nikufanyie jambo moja tu baada ya ile tiki, ningekufungulia Wasifu wa Biashara kwenye Google. Ni bure. Mgeni aliyetua Mwanza akiandika "dagaa karibu na mimi", hatolewi tovuti kwanza, anatolewa ramani yenye maduka matatu. Google inasema hapo inapima mambo matatu: biashara inalingana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani, na inajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadilisha, lakini upo jirani na Mwaloni, mahali ambapo kila mtu anayetaka dagaa anapelekwa. Una bahati ambayo muuzaji wa Igoma hana.

Andika jina la biashara kama lilivyo kwenye kibao. Usiongeze "dagaa bora bei nafuu Mwanza" kwenye jina, maana ni kinyume cha masharti yao na wasifu unaweza kufungiwa. Chagua aina ya biashara inayoendana na samaki. Pini ya ramani iweke wewe mwenyewe ukiwa umesimama mlangoni. Huku kwetu nyumba hazina namba na vichochoro vinazunguka miamba, pini ikikosea hatua mia mteja ataishia kwa jirani yako. Ukishaweka pini utapata ile namba fupi ya herufi na tarakimu iitwayo Plus Code. Iandike kwenye tovuti na kwenye risiti, inamfikisha dereva wa bodaboda mpaka mlangoni.

Google itataka uthibitisho, na siku hizi mara nyingi inaomba video. Anza kurekodi ukiwa barabarani, onyesha mtaa na kibao, kisha onyesha unavyofungua kufuli kwa funguo zako, ingia ndani, onyesha mizani na magunia. Usikatishe, usihariri. Video za namna hiyo zinaweza kukataliwa kwa sababu zimekatwakatwa au hazionyeshi kwamba anayerekodi ndiye mwenye duka.

Maoni ya wateja omba baada ya mzigo kufika salama, kwa kuwatumia kiungo. Usimpe mtu kilo ya bure ili akusifie, hilo limekatazwa, na wajukuu wasikuandikie. Akitokea mteja akalalamika, mjibu palepale kwa upole na kwa maelezo. Nimeona duka likipata wateja kutokana na namna lilivyojibu lalamiko moja kuliko sifa kumi zilizokuwa juu yake.

Kuna lile la viungo, na hapa nataka uelewe, kwa sababu ndipo kijana wa laki tatu huenda angezipeleka pesa zako. Larry Page na Sergey Brin walipoianzisha Google 1998, wakitokea Chuo Kikuu cha Stanford, wazo lao kubwa lilikuwa kwamba kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine ni kama ushuhuda. Ukishuhudiwa na wengi, na hasa wanaoheshimika, unapanda. Mara tu watu walipojua hilo, wakaanza kuuza mashahidi. Kwa fedha kidogo unapata viungo elfu kutoka tovuti za ovyo ambazo hakuna binadamu anayezisoma. Google ilijibu 2012 kwa mabadiliko yaliyoitwa Penguin, na tovuti nyingi zilizonunua viungo zikaporomoka. Leo viungo hivyo mara nyingi havihesabiwi kabisa, na vikizidi vinaweza kukuletea adhabu ambayo kuisafisha huchukua miezi. Ushuhuda wako utoke kwa wanaokujua. Hoteli inayonunua sato kwako kila Ijumaa, kama ina tovuti, ikutaje. Chama cha wafanyabiashara ulichomo kina orodha ya wanachama, jina lako liwe kiungo. Yule dada wa Dar es Salaam anayeandika mapishi na anayenunua kwako, mpelekee picha za vichanja na maelezo, akiandika kuhusu dagaa atakutaja kwa hiari. Viungo vitano vya namna hiyo ningevichukua mbele ya elfu vya kununua.

Makala 100 za akili mnemba je? Mwambie mwanetu kwamba nimeuheshimu moyo wake wa kusaidia, lakini asiweke. Google haikatazi chombo hicho kwa jina lake. Inachokataza, na ilikaza masharti Machi 2024, ni kumwaga kurasa nyingi kwa lengo la kupanda tu, awe ameziandika mtu au mashine. Na hata bila masharti hayo, chombo hicho hakijawahi kusimama Mwaloni alfajiri. Kitakuandikia kwamba dagaa wana kalsiamu na protini nyingi, jambo ambalo tovuti elfu zimeshalisema. Hakitajua kwamba wiki iliyopita mzigo ulichelewa kwa sababu ya upepo. Kama kuandika kunakuchosha, fanya hivi: rekodi sauti kama unavyowarekodia wateja, dakika tatu, ukijibu swali moja. Kijana aiandike, aondoe marudio, akusomee, uweke sahihi. Kurasa nane za namna hiyo zinatosha kwa mwaka wa kwanza: ya mwanzo, bei, dagaa wasio na mchanga, dagaa wa kukaanga, dagaa wa kuku, tofauti na wa Kigoma, usafirishaji, na ukurasa unaoeleza wewe ni nani na umeanza lini. Huo wa mwisho uwe na picha yako ukiwa kazini.

Ukurasa wa dagaa wa kuku utenge kabisa na wa kula. Mfugaji wa kuku anatafuta gunia na bei ya chini, mpishi anatafuta usafi. Ukiwaweka pamoja, mpishi atakimbia.

Matarajio yako yawe ya miezi. Google iliwahi kusema kazi ya namna hii huhitaji miezi minne hadi mwaka mmoja kuonyesha matunda yake. Kwa jina lako utaonekana mapema. Kwa "dagaa wasio na mchanga" pengine ndani ya miezi michache, kwa kuwa walioandika ni wachache. Kwa "dagaa wa Mwanza" itachukua zaidi. Usijipime kwa kujitafuta kwenye simu yako kila asubuhi, maana Google inakuonyesha matokeo kufuatana na mahali ulipo na ulivyozoea kutafuta. Kila mwisho wa mwezi kijana afungue Search Console, sehemu ya utendaji. Itaonyesha maneno ambayo watu waliandika mpaka ukatokea, umetokea mara ngapi na umebonyezwa mara ngapi, na inahifadhi kumbukumbu za miezi 16. Ukiona maneno uliyotokea mara nyingi lakini hakuna aliyebonyeza, kibadilishe kichwa cha ukurasa huo. Ukiona maneno ambayo hukuyafikiria, mfano "dagaa kwa mjamzito", umepewa ukurasa wa tisa bure. Huo sasa muulize kwanza mtaalamu wa lishe kabla hujaandika.

La mwisho ni la umiliki, na nisingeweza kulala bila kukuambia. Muulize mtoto wa dada jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la nani na barua pepe ya nani. Mali bila daftari huisha bila habari. Nimeona biashara zikipoteza jina lililojengwa miaka kwa sababu fundi alihama mji na ada ya mwaka haikulipwa. Jina liwe lako, barua pepe iwe yako, namba ya simu iwe yako, na tarehe ya kulipia iandikwe kwenye kalenda iliyo ukutani dukani. Nywila za WordPress, Search Console na ule wasifu wa ramani ziandike kwenye daftari lako, ukae nalo wewe.

Tiki ikishaondolewa, niandikie tarehe. Baada ya siku 30 nitalirudia lile jaribio la site, na nitakutumia picha ya nitakachokiona.